Wanaofuata mipasuko ya ardhi, kutoka Olmotonyi hadi Natron

Tarehe 17 Julai 2007 ardhi ilitikisika chini ya Mlima Gelai, kusini-mashariki mwa Ziwa Natron, kwa ukubwa wa 5.9. Tarehe 10 Septemba 2016 ikatikisika Bukoba, mkoani Kagera, kwa ukubwa huohuo. Kagera tulizika watu 17, mamia wakajeruhiwa, maelfu ya nyumba zikaanguka au kupasuka kuta. Kule Gelai, nyumba za Wamaasai zilizojengwa kwa fito na kusiribwa samadi ziliyumba zikatulia. Arusha vyombo viligongana makabatini, Nairobi watu walitoka mbio kwenye maghorofa, na kesho yake kila mtu akarudi kazini.

Kilichotofautiana zaidi ni kilichokuwa juu ya ardhi: wingi wa watu, aina ya nyumba, umbali kutoka kwenye kitovu. Ndiyo maana swali la wapi ardhi yetu imepasuka, na lini ilisogea mara ya mwisho, linamhusu kila mwenye paa. Jiji la Arusha lilihesabiwa watu 617,631 katika sensa ya 2022, na ujenzi haulali kuanzia Njiro hadi Ngaramtoni. Lazima awepo mtu wa kutembea juu ya mipasuko hiyo na kuisoma kwa macho. Mara nyingi mtu huyo ni kijana aliyetoka chuo juzi, mwenye shahada moja au anayesomea ya pili, na mali yake yote kazini ni nyundo, dira, buti zilizochubuka na barua ya utambulisho iliyokunjwa mara nne mfukoni.

Sisi tunaokaa Olmotonyi, pembeni mwa Arusha, tumezoea wanafunzi wa miti. Chuo cha Misitu kipo hapa tangu 1937, na Chuo Kikuu cha Sokoine kina msitu wake wa mafunzo unaopanda ubavu wa Mlima Meru. Wanafunzi wa mawe huja kwa nadra, na wakija mwenyeji hushangaa kuwaona wameiacha misonobari yote hiyo wanakwangua ukuta wa korongo. Lakini korongoni ndiko somo lao liliko. Masika yakishakata udongo, tabaka hubaki wazi moja juu ya nyingine: majivu ya kijivu, kisha mawe mepesi yaliyojaa matundu ambayo ukiyatupa majini yanaelea, kisha tope lililoganda na mawe ya kila ukubwa ndani yake, kisha udongo mweusi uliowahi kuota nyasi kabla mlima haujatema tena. Kijana akijifunza kuzitambua tabaka hizo kwa rangi na kwa kuzisugua vidoleni, amepata alfabeti ya kazi yake. Tabaka iliyolala sawasawa haina habari nyingi. Tabaka iliyokatika ghafla, upande mmoja ukashuka na mwingine ukabaki juu, hiyo ina jambo la kusimulia.

Meru, wenye meta 4,566, ulitoa majivu kwa mara ya mwisho mwaka 1910. Maelfu ya miaka kabla ya hapo ubavu wake wa mashariki uliporomoka wote, vifusi vikasambaa hadi uwanda unaotazamana na Kilimanjaro, na kwenye mashimo ya vifusi hivyo ndimo yalimo maziwa ya Momella leo. Mlima wa namna hiyo huficha mengi. Manyara na Natron ukuta wa Bonde la Ufa umesimama wazi mamia ya meta, hata abiria wa basi la Karatu anauona akifika Mto wa Mbu. Huku kwetu mlima umetandaza majivu na tope juu ya kila kitu, na kama kuna mpasuko chini ya shamba la mahindi, hautajionyesha kwa mpita njia. Ramani ya jiolojia ya Arusha, ile karatasi namba 55, ilitolewa 1983. Waliichora watu waliotembea sana na ni kazi ya kuheshimiwa, ila tangu wakati huo zimekuja picha za setilaiti zinazopima mwinuko wa kila kichuguu, zimekuja droni, zimekuja GPS za kupima milimita. Bado wanahitajika watu wa kwenda kuhakiki kwa miguu kile ambacho kompyuta inadhani imekiona.

Niseme wazi ninachoamini. Nchi hii inawafundisha vijana wake jiolojia kwa ajili ya kutafuta mali. Ajira ziko Geita, ziko Kahama, ziko Chunya na Mirerani. Mhitimu anayesema anataka kusomea mipasuko hai huulizwa nyumbani kazi hiyo iko mgodi gani. Kijijini nako ni hivyohivyo: mtu mwenye nyundo na dira akionekana anapima mwamba, jioni uvumi umeshafika kilabuni kwamba pameonekana dhahabu, au kwamba anatafuta mali walizofukia Wajerumani. Wachache mno tumewatuma kutafuta hatari, na hatari haisubiri leseni ya uchimbaji.

Mfano mzuri ni Profesa Abdulkarim Mruma. Watanzania wengi walimjua mwaka 2017 alipoongoza kamati ya makinikia, ule mchanga wa dhahabu. Ni wangapi wanajua kwamba mwaka 2008 jina lake lilikuwa kwenye andiko la kitaalamu kuhusu mipasuko hai kati ya Manyara na Dodoma? Andiko hilo liliongozwa na Mtanzania mwingine, Athanas Macheyeki, pamoja na wenzao wa Ubelgiji. Walipita wakipima mikwaruzo kwenye nyuso za miamba ya mipasuko ya Mponde, Saranda, Bubu na Hombolo ili kujua ardhi inavutwa kuelekea wapi. Hiyo ni mipasuko iliyo jirani na makao makuu ya nchi. Habari za mchanga wa dhahabu zilijaa magazetini kwa miezi. Habari za Bubu na Hombolo zilibaki kwenye majarida ya wasomi.

Mikwaruzo hiyo inastahili maelezo, maana ndiyo inayomfanya kijana apande mwamba kwenye jua kali tangu asubuhi hadi adhuhuri. Upande mmoja wa mpasuko unaposhuka, mwamba husaga mwamba, na uso unaobaki hulainika hadi kung'aa, ukiwa na mistari kama ya randa ya seremala. Kijana hupitisha kiganja juu yake: upande mmoja kiganja huteleza, upande wa pili hukwama kwenye vidaraja vidogo. Hapo anajua jiwe lililoondoka lilielekea wapi. Huweka dira, husoma mwelekeo, hupima mteremko, huandika kwenye daftari kwa penseli kwa sababu wino huyeyuka kwa jasho na mvua. Hurudia hivyo kwenye nyuso nyingi, kwa kuwa mwamba mmoja unaweza kuwa umegeuka au kubingirika kutoka juu. Usomaji mmoja haumpi kitu. Ukusanyaji wa muda mrefu ndio unaompa haki ya kusema.

Turudi Gelai, kwani pale ndipo Kaskazini ilipotoa somo kubwa kuliko yote ya miaka ya karibuni. Katikati ya 2007 watafiti walikuwa wametawanya vituo 35 vya kupimia matetemeko kati ya Manyara na Natron, vikae miezi sita. Ilikuwa kazi ya kawaida, ya kusikiliza ardhi inavyogugumia. Tarehe 12 Julai, mashine zikiwa ardhini kwa majuma machache tu, Gelai ukaanza kutetemeka, na ukaendelea kwa majuma. Picha za rada kutoka setilaiti zilipolinganishwa na rekodi za vituo, mlolongo ukaonekana: mpasuko uliteleza polepole, kwa ukimya ambao mtu juu yake asingeuhisi, kisha uji wa moto wa volkano ukajipenyeza kutoka chini na kufungua njia yenye urefu wa kilomita kadhaa na upana unaozidi meta moja, bila kufika juu ya ardhi. Ardhi ya juu ilipasuka kwa nyufa ambazo mtu angeweza kutumbukiza mguu. Tarehe 4 Septemba mlima jirani, Ol Doinyo Lengai, ambao kwa miaka ulikuwa unatiririsha lava yake nyepesi isiyo na mfano duniani, ukalipuka kwa majivu.

Andiko la tukio hilo lilitoka mwaka 2008 kwenye jarida la Nature likiongozwa na Eric Calais. Ukisoma orodha ya waandishi utakuta Watanzania watatu: Richard Ferdinand wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Macheyeki, na Elifuraha Saria, aliyekuwa bado mwanzoni mwa safari yake ya kitaaluma. Saria alikwenda kusomea uzamivu Marekani, na mwaka 2014 akaongoza andiko lililokokotoa jinsi Afrika Mashariki inavyotanuka, milimita chache kwa mwaka. Akarudi kufundisha Chuo Kikuu Ardhi, na kwa ushirikiano na D. Sarah Stamps wa Virginia Tech vikasimikwa vituo vya GPS kuuzunguka Lengai vinavyoandika usiku na mchana. Vituo hivyo ndivyo vilivyomwezesha Mtanzania mwingine, Ntambila Daud, kuonyesha alipokuwa mwanafunzi wa uzamivu kwamba mlima ulivimba mwaka 2022. Huo ndio mnyororo ninaoutaka: mmoja anaanza akiwa kijana, anarudi, anamshika mkono anayefuata.

Kusimika kituo kimoja ni siku nzima ya jasho. Kwanza pachaguliwe mahali. Mashine inataka ukimya: iwe mbali na barabara, mbali na mashine ya kusaga, mbali hata na miti mikubwa, maana upepo ukiutikisa mti, mizizi nayo hutikisa ardhi. Kwa hiyo msitu wa Olmotonyi, pamoja na utulivu wake wote kwa masikio yetu, ni kelele tupu kwa kipima-tetemeko. Wakati huohuo kituo kinataka mlinzi, kwa sababu sola na betri ni vitu vinavyouzika. Mara nyingi hutafutwa uzio wa shule au zahanati, na hapo utulivu unapungua tena. Kijana hubaki anapima ubaya upi ni mdogo.

Kisha shimo. Linachimbwa hadi kwenye mwamba au udongo mgumu, zege jembamba linamwagwa chini na kuachwa likauke, mashine inaketishwa juu yake na kusawazishwa hadi kipovu cha maji kikae katikati, inaelekezwa kaskazini halisi kwa dira, inafunikwa kwa ndoo au pipa, inafukiwa. Nyaya hupitishwa kwenye bomba kwa kuwa panya na fisi huzitafuna. Juu ya yote huzungushwa boma la miiba ili mbuzi wasipande. Ikibaki nusu saa ya mwanga, kijana hukaa pembeni na kompyuta, anaomba mtu aruke mara tatu karibu na shimo, na mistari ikicheza kwenye skrini anajua kituo kiko hai.

Kabla ya hayo yote kuna njia ya karatasi na ya watu. Kibali cha utafiti hutoka Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Kutoka hapo barua hushuka mkoani, wilayani, kwa mtendaji wa kata, hadi kwa mwenyekiti wa kijiji. Kwenye vijiji vya Kimaasai na vya Waarusha, hata baada ya mihuri yote, kuna laigwanani, kiongozi wa kimila, wa kusalimiwa, na kijana mwenye adabu huinamisha kichwa kwa mzee kabla ya kutoa shida yake. Anayeruka hatua hii hapati kitu kikubwa: atapewa ruhusa ya kupita, lakini hakuna atakayemwambia kwamba mwaka ule chemchemi ya ng'ombe ilihama, au kwamba nyuma ya kilima kile kuna ufa ambao ndama alitumbukia. Habari hizo haziko kwenye setilaiti yoyote. Mabinti wa fani hii, ambao wanaongezeka, wana mzigo wa ziada wa kutafuta pa kulala salama kila kituo, na miradi mingi hukumbuka hilo ikiwa tayari barabarani.

Mashine, hata hivyo, husikia ya leo tu. Rekodi zetu za vipimo zina urefu wa karne moja na ushei, na mpasuko unaweza kulala muda mrefu kuliko hapo. Tetemeko kubwa kuliko yote yaliyopimwa Afrika Mashariki katika karne ya 20 lilipiga eneo la Rukwa tarehe 13 Desemba 1910, kwa ukubwa wa 7.4, na mpasuko wa Kanda, karibu na Sumbawanga, ni miongoni mwa wanaoshukiwa. Tarehe 7 Mei 1964 jirani zetu wa upande wa Mbulu na Ziwa Manyara walitikiswa kwa ukubwa uliozidi 6. Ili kujua ya kabla ya hapo, inabidi kuchimba.

Mahali pa kuonea uchimbaji huo ni Subukia, Kenya. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la 6.9 lilipasua ardhi pale kwa karibu kilomita 38. Miongo kadhaa baadaye watafiti Olaf Zielke na Manfred Strecker walikata mtaro kuvuka mpasuko huo na kukuta alama za mitikisiko mikubwa ya zamani zaidi. Kazi yenyewe ni ya subira. Ukuta wa mtaro hukwanguliwa kwa mwiko wa fundi hadi uwe laini, misumari na nyuzi huugawa miraba, kila mpaka wa tabaka huwekewa alama ya rangi. Mtafiti hutafuta kabari ya udongo: mahali ambapo ardhi ilishuka ghafla, ukingo ukabaki wazi, mvua zikaubomoa taratibu na kujaza mguu wake. Kila kabari ni tetemeko moja. Kipande cha mkaa ndani yake, hata kiwe na ukubwa wa punje ya mtama, hutolewa kwa kibano bila kuguswa na mkono na kupelekwa maabara kupimwa umri kwa kaboni. Sisi wa Meru tuna bahati ya ziada, kwani majivu ya milima yetu nayo ni kalenda: tabaka ya mlipuko unaojulikana umri ikikatwa na mpasuko, basi mpasuko ulisogea baada ya mlipuko huo.

Kuna sehemu nyingine ya kazi hii ambayo watu huisahau, nayo ni kusema hapana. Machi 2018 barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ilikatwa na ufa mkubwa, na picha zikazunguka dunia zikitangaza kwamba Afrika inagawanyika mbele ya macho yetu. Wanajiolojia waliofika pale wengi wao waliona mvua kubwa ikiwa imechota majivu laini ya volkano yaliyokuwa yamejaza ufa wa zamani. Desemba 2023 mlima Hanang uliposhusha tope juu ya Katesh na kuua watu zaidi ya 80, hofu ya kwanza iliyoenea ilikuwa volkano, na ikabidi wataalamu wapande kukagua, wapi mlima umemeguka na maji yametoka wapi, kabla ya kuwaambia wananchi kwamba haikuwa volkano. Mtu aliyezoea kutofautisha ufa wa maji na ufa wa ardhi huwaondolea maelfu hofu isiyo na msingi, na hiyo ni huduma ya umma sawa na ya daktari wa zamu.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wenye mamlaka ya bajeti, mkoani na Dodoma: Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini ipewe nafasi za vijana wa matetemeko na mipasuko, za kudumu, zenye gari na mafuta, ili mhitimu anayeipenda kazi hii asilazimike kuihama kwenda mgodini au kusubiri mradi wa mgeni umkumbuke. Ramani ya Arusha ichorwe upya, na mipasuko iliyofukiwa na Meru itafutwe kabla ghorofa hazijaimaliza nafasi ya kuchimba mtaro.

La pili ni kwa wazee wa Mbulu, wa Engaruka, wa Gelai Lumbwa na wa huku kwetu Olmotonyi. Kijana akija na dira na barua ya kijiji, msimwulize dhahabu. Mwonyesheni palipopasuka, mtajieni mwaka, na kama mwaka haukumbukwi, mwambieni ni rika gani la morani lilikuwa likichunga wakati huo. Ataandika.